Redio ya Ridhaa Baada ya Dhoruba: Somo kwa Kamati za Parokia

Kamati zetu zinapoketi kupanga maandalizi ya maafa huandika mahema, mablanketi, dawa na chakula. Mawasiliano huwekwa mwisho, tena kwa mstari mmoja tu: "Tutapiga simu." Somo la toleo hili linahusu siku ambayo simu haipigiki. Linahusu pia watu wanaochezea redio kwa kupenda tu, bila kulipwa, na sababu inayowafanya watafutwe sana upepo unapotulia.

Watu hao huitwa waendesha redio wa ridhaa, kama tunavyosema mpira wa ridhaa. Siyo watangazaji, wala hawana kituo cha muziki na matangazo ya vifo. Kila mmoja ana leseni ya serikali na alama yake ya wito, ambayo ndiyo jina lake hewani. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Jioni, mtu wa namna hiyo huketi na mashine yake, waya umetundikwa juu ya mti, akaongea na mwenzake wa Brazil au Japani. Wakimaliza hutumiana kadi za posta kuthibitisha kwamba kweli walisikizana. Nchini Marekani peke yake wenye leseni ni zaidi ya 700,000. Kwetu Afrika Mashariki ni wachache.

Wazee wa parokia watakumbuka kitu kinachofanana nacho. Tangu miaka ya 1960 hospitali na zahanati nyingi za misheni zilizungumza na Madaktari Warukao wa AMREF jijini Nairobi kwa redio ya mawimbi mafupi. Ile haikuwa redio ya ridhaa, ilikuwa ya kazi, lakini mawimbi ni yale yale. Simu za mkononi zilipofika, nyingi za redio hizo zilifunikwa kitambaa, na waliojua kuzitumia wakastaafu.

Kisiwa kisicho na simu

Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilitua Puerto Rico, karibu na mji wa Yabucoa, kwa upepo wa kilomita 250 hivi kwa saa. Umeme ulikatika kisiwa kizima. Siku iliyofuata, minara 95 katika kila 100 ya simu za mkononi ilikuwa haifanyi kazi. Kurudisha umeme hadi vitongoji vya mwisho kulichukua karibu miezi 11.

Kituo cha Arecibo kilikuwa na mojawapo ya darubini kubwa kabisa za redio duniani, yenye sahani ya upana wa mita 305. (Ilianguka yenyewe tarehe 1 Desemba 2020, lakini hiyo ni habari nyingine.) Kifaa hicho kilisikiliza nyota za mbali sana, lakini baada ya Maria wakuu wake walioko Marekani bara hawakuweza kujua kama wafanyakazi wako hai. Habari za kwanza zilitoka kwa mfanyakazi mmoja wa kituo ambaye burudani yake ilikuwa redio ya ridhaa. Kwa mashine yake aliwaambia walio nje kwamba watu ni wazima, na kwamba antena moja ya darubini, yenye urefu wa mita 29, imekatika na kuanguka.

Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba chama cha waendesha redio wa ridhaa wa nchi hiyo, ARRL, kipeleke watu 50. Walikwenda 22. Kazi waliyoitiwa ilikuwa kupeleka majina ya walionusurika ili ndugu zao wajue. Walipofika walikuta mahitaji ni mapana zaidi: hospitali hazikuwa na njia ya kusema zimepungukiwa na nini, na shirika la umeme halikuweza kuongea na mafundi wake waliokuwa milimani. Waendesha redio wa kisiwa chenyewe walikuwa wameshaanza kusaidia shirika hilo. Lakini hao nao walikuwa waathirika. Mtu aliyeezuliwa paa na mwenye watoto wanaotaka maji hawezi kukaa redioni mchana na usiku. Ndiyo maana tunasema kwamba parokia yenye mwendesha redio mmoja tu haina bado.

Ni vema kujua kilichokuwa hatarini. Kwa wiki nyingi hesabu rasmi ya waliofariki ilikuwa watu 64. Baadaye uchunguzi wa Chuo Kikuu cha George Washington ulikadiria vifo 2,975 katika miezi sita hivi, na serikali ya kisiwa ikaikubali hesabu hiyo Agosti 2018. Tofauti hiyo kubwa siyo ya watu walioangukiwa na kuta usiku wa kimbunga peke yao. Wengi walikufa siku na wiki zilizofuata, mahali ambapo hakukuwa na umeme, dawa wala gari la wagonjwa, na mara nyingi hakukuwa na namna ya kuomba. Dhoruba huua kwa kelele siku moja, kisha huua kimya kimya kwa muda mrefu. Redio haitibu mgonjwa wala haileti dizeli ya jenereta, lakini inaweza kumwambia mwenye dizeli aipeleke wapi.

Kwetu, pwani ya Afrika Mashariki haipigwi mara kwa mara, na jambo hilo hutulegeza. Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, kikaangusha mashamba ya mikarafuu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kiliikata Beira, Msumbiji, kwa barabara na kwa simu, na zaidi ya watu 600 walikufa katika nchi hiyo. Wiki sita baadaye Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, karibu na mpaka wa Tanzania. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Msomaji aliye mbali na bahari asifunge ukurasa: daraja likisombwa na mnara wa simu ukakosa umeme, matokeo ni yale yale.

Mchezo uliowafundisha

Kwa nini watu wa burudani wawe tayari kuliko ofisi? Jibu liko katika mchezo wenyewe. Tangu 1933 waendesha redio wa Amerika Kaskazini hutoka nje kila mwisho wa juma wa nne kamili wa mwezi Juni, wakaweka vituo vyao mashambani, chini ya turubai, kwa betri na jenereta, na kushindana kwa saa 24 nani atawasikia wengi. Ni mashindano, kuna chai na nyama ya kuchoma, na mvua ikinyesha hawaondoki. Mtu aliyefanya hivyo kwa miaka 10 ameshakosea kila kinachoweza kukosewa: amesahau kebo, ameunganisha betri kinyume, ametundika antena kwenye mti wenye siafu. Siku ya maafa anafanya kitu alichokizoea.

Jambo la pili ni kikao cha hewani. Watu hukubaliana siku, saa na masafa, kwa mfano kila Jumamosi saa mbili usiku. Msimamizi huita majina kwa zamu, kila mmoja hujibu kwa ufupi, na mwenye ujumbe hupewa nafasi. Wengi wataona ni jambo la kuchosha. Lakini kwa njia hiyo kila mmoja anajua sauti ya mwenzake, anajua nani husikika vizuri mchana na nani usiku, na anapata mazoea ya kungoja zamu. Watu 20 wakisema pamoja kwenye masafa mamoja hasikiki hata mmoja. Kikao maarufu cha vimbunga cha Marekani, kinachoketi kwenye megahetsi 14.325, kilianza mwaka 1965 wakati wa kimbunga Betsy na kinaendelea hadi leo. Kanisa nalo lina mfano wake: Jeshi la Wokovu lilianzisha mtandao wake wa waendesha redio wa maafa, SATERN, mwaka 1988, na wengi wa watu wake ni wapenda redio waliokuwa wakicheza tangu zamani.

Nakumbusha pia habari ya visiwa vya Andaman. Desemba 2004 kikundi cha waendesha redio wa India kilikuwa Port Blair kwa burudani tu, kuwapa wenzao wa dunia nafasi ya kuongea na kisiwa ambacho ni adimu kusikika hewani. Tarehe 26 ikaja tsunami. Kikundi kile kikawa njia ya habari kati ya visiwa na bara.

Antena ndiyo huanguka kwanza

Dhoruba haimheshimu mwendesha redio. Mlingoti wake huanguka kama wa jirani. Tofauti ni kwamba mnara wa kampuni ya simu unahitaji fundi, mafuta na barabara, lakini antena ya mawimbi mafupi ni waya tu, na mwenye nayo anaweza kuitengeneza upya kabla ya jua kuzama.

Kipimo chake ni rahisi hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza. Chukua 143, gawanya kwa masafa kwa megahetsi, utapata urefu wa waya wote kwa mita. Kwa megahetsi 7.1 jibu ni mita 20 na kidogo. Kata katikati upate vipande viwili vya mita 10, tia kitenganishi cha plastiki kati yake, na hapo ndipo kebo ya kwenda redioni inapofungwa: waya wa ndani upande mmoja, wavu wa nje upande wa pili. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumbani unafaa. Haihitaji kuwa juu sana. Ikiwa mita 5 au 6 kutoka ardhini, mawimbi hupanda karibu wima, hurudishwa na tabaka la juu la hewa na kushuka kama mvua kwenye eneo la kilomita 300 au 400 kuzunguka. Milima haizuii. Huo ni umbali wa Lindi hadi Dar es Salaam, na ndio umbali ambao msaada wa kwanza hutoka. Usiku masafa hayo huruka mbali mno, kwa hiyo watu hushuka kwenye megahetsi 3.6 hivi, na waya unakuwa karibu mara mbili kwa urefu.

Simu za upepo za mkononi ni kitu kingine. Hizo huenda kwa mstari ulionyooka, na kijiji kilicho nyuma ya kilima hazikifikii isipokuwa kilimani pana ripita, yaani kituo kinachopokea sauti na kuirusha tena. Ripita ikisimama, manufaa ni makubwa. Kimbunga Helene kilipoleta mafuriko magharibi mwa North Carolina Septemba 2024, ripita iliyoko Mount Mitchell, mlima wa mita 2,037, iliendelea kufanya kazi, na watu wa mabondeni waliokuwa hawana simu walikuwa wakiisikiliza kutwa kujua barabara ipi imefunguka.

Sasa mambo machache ya uharibifu wenyewe, maana hapa ndipo watu huumia.

Dhoruba ikitangazwa, shusha mlingoti ungali na mwanga. Chomoa kebo kutoka redioni uiweke nje ya nyumba, kwa sababu radi hufuata waya. Redio na daftari weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Baada ya dhoruba usikimbilie kukusanya waya ulioanguka. Tazama kwanza umelalia nini. Waya wa umeme uliolala chini uhesabiwe kuwa una moto hata kama mji mzima uko gizani, kwa kuwa jirani anaweza kuwasha jenereta na umeme ukarudi kinyume kwenye nguzo. Waya wa antena uliougusa waya huo haukuonyi kabla ya kukuua.

Kebo iliyolala majini husumbua kuliko waya uliokatika. Kwa nje inaonekana nzima, lakini maji yameingia kwenye wavu wa shaba. Menya ncha yake. Shaba ikiwa nyeusi, endelea kukata hadi ufike iliyo nyekundu, na kama hufiki, tupa. Maungio yafungwe utepe wa mpira, na kebo ipinde kidogo kwenda chini kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee nje. Na asiyetaka kupanda mti tena baada ya kila upepo asifunge waya kwa nguvu kati ya minazi miwili. Mnazi huyumba sana, waya utakatika. Upande mmoja pitisha kamba kwenye kapi na uning'inize kidumu cha maji. Mti ukiyumba, kidumu hupanda na kushuka, waya unabaki salama.

Kuhusu betri, fanyeni hesabu kabla ya kununua. Redio ya mawimbi mafupi ya wati 100 hula ampea 1 hivi inaposikiliza, na karibu 20 inaposema. Betri ya gari ya saa-ampea 70 isitumiwe zaidi ya nusu, basi mna 35. Kusikiliza saa 12 ni 12, kusema saa moja kwa jumla ni 20, jumla 32. Siku imekwisha. Kwa hiyo punguzeni nguvu ya kurusha na mseme maneno machache. Paneli ya sola ya wati 100 hutoa ampea 5 hivi kwenye jua kali, lakini siku inayofuata dhoruba mara nyingi huwa ya mawingu.

Ujumbe uandikwe

Kama msomaji atachukua jambo moja tu kutoka katika ukurasa huu, nashauri awe amechukua hili, maana halihitaji hata redio. Waendesha redio hawapokezani habari kwa "nimesikia kwamba". Ujumbe huandikwa kabla ya kusemwa: namba yake, uzito wake, umetoka wapi, tarehe na saa, unakwenda kwa nani, na idadi ya maneno. Maneno yenyewe yasizidi 25. Chama cha ARRL kilianzishwa mwaka 1914 na Hiram Percy Maxim wa Hartford, Connecticut, baada ya mashine yake kushindwa kufika mji wa Springfield, kilomita 40 tu, ikabidi mtu wa katikati aupokee ujumbe na kuurusha tena. Ujumbe unaopita mikono mitatu lazima ufike kama ulivyotoka.

Tuseme zahanati imezingirwa na maji. Ujumbe wake uwe hivi:

"Namba 4. Dharura. Maneno 13. TUNAHITAJI INSULINI CHUPA TISA KABLA YA JUMATANO BARABARA IMEKATIKA DARAJANI LETENI KWA MASHUA."

Anayepokea anaandika, kisha anahesabu. Akipata 12 anajua neno moja limepotea, na anaomba lirudiwe kabla hajaupeleka mbele. Kwa Kiswahili tuna mtego wetu: katika kelele za mawimbi, "sita" na "tisa" husikika karibu sawa. Kwa hiyo asemaye aongeze, "tisa, yaani kumi kasoro moja." Majina ya watu na vijiji yatajwe herufi kwa herufi. Mazoezi haya yanaweza kufanywa darasani kwa kunong'onezana tu, na vijana huyapenda.

Jingine: habari zitoke kwanza, maswali yangoje. Ndugu walio Dubai, London au Dar es Salaam watataka kuuliza habari za jamaa zao, na maswali elfu moja yakiingia kwa redio moja, insulini haitatajwa. Mwendesha redio apeleke orodha ya walio salama, na walio nje wasome orodha.

Kabla hamjanunua

Hapa tunazungumza na wafadhili pia. Redio ya mkononi ya bei ya chini haifiki dola 30, na ni rahisi mtu mwenye moyo mwema kuleta 20 ndani ya sanduku. Tafadhali msifanye hivyo kabla ya leseni. Kurusha mawimbi bila kibali ni kosa, na vifaa huweza kuzuiliwa forodhani. Tanzania mwenye kutoa kibali ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Sharti la kimataifa la kujua Morse kwa wanaotaka mawimbi mafupi liliondolewa kwenye mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva mwaka 2003, na kila nchi ikaachiwa kuamua yenyewe. Mkutano huo huo ulizihimiza serikali ziwaruhusu waendesha redio wa ridhaa kujiandaa kwa ajili ya maafa.

Pili, redio ya ridhaa siyo ya kazi za shirika. Hairuhusiwi kwa biashara, wala kwa kuagiza saruji ya mradi. Dayosisi inayotaka kuongea na vituo vyake kila siku iombe masafa yake yenyewe. Tatu, kila neno linasikika na yeyote, na sheria inakataza kuficha maana kwa lugha ya siri. Basi jina la mgonjwa na ugonjwa wake, au mahali walipolala wasichana peke yao, visitajwe hewani.

Maoni yetu ni kwamba fedha ziende kwanza kwa watu. Tafuteni katika parokia vijana wanne au watano, wavulana na wasichana, wale wanaofungua kila redio iliyoharibika. Walipieni mtihani na leseni, waunganisheni na chama cha waendesha redio cha nchi yenu, kisha wapeni mashine moja ya mawimbi mafupi na mita 100 za waya. Waachieni waicheze. Kamati ikiifungia mashine kabatini ili "isiharibike", siku ya dhoruba itatoka ikiwa mpya, na hakuna atakayejua kuiwasha.

Maswali ya kujadili katika kamati

Mnara wa simu ulio karibu nanyi hutumia umeme gani, na jenereta yake huwekwa mafuta kupitia barabara ipi? Je, barabara hiyo hupitika wakati wa masika?

Simu zikikatika leo jioni, ujumbe wa zahanati yenu utafika hospitali ya wilaya kwa njia gani, na kwa saa ngapi? Mtumeni mtu mmoja ajaribu, na mwandike muda.

Ni nani katika parokia yenu aliwahi kutumia redio ya misheni? Mwiteni kwenye kikao kijacho aeleze alichofanya, na muulize mashine ile iko wapi.

Andikeni ujumbe wa maneno yasiyozidi 25 kutoka kijiji kilichozingirwa na maji. Upitisheni kwa watu watano kwa kunong'ona, kisha mhesabu maneno yaliyofika.